AC Imegoma Kuzima: Ya Kufanya Kabla Hujamwita Fundi

Wenye AC wengi wa Dar es Salaam huugundua ugonjwa huu kwenye mita ya LUKU kabla hawajausikia chumbani. Yuniti zilizokuwa zikitosha mwezi mzima zimekata katikati ya mwezi, watoto wanahojiwa kuhusu pasi na hita ya maji, na usiku mmoja mtu anatega sikio na kugundua kwamba kile kipande cha nje chini ya dirisha hakijanyamaza tangu saa mbili.

Kinachofuata kinajulikana. Anaitwa fundi, anafika na mtungi begani, anashikashika bomba, anasema, "Bosi, gesi imepungua." Anajaza, analipwa, anaondoka. Baada ya wiki kadhaa mngurumo uko palepale. Sisemi mafundi wote ni wa namna hiyo. Wapo wanaoijua kazi yao vizuri sana. Lakini gesi ndilo jibu lililo rahisi kuuzwa, na mwenye nyumba asiyejua aulize nini hulinunua kila mwaka. Yafuatayo ni mambo unayoweza kuyapima mwenyewe, bila kushika bisibisi, kwenye AC ya ukutani ya kawaida yenye kipande cha ndani na kipande cha nje.

Kwanza hakikisha si hii

Zima AC kwa rimoti. Subiri dakika tano. Kisha toka nje usikilize.

Kama ndani kumenyamaza na nje kompresa bado inanguruma, acha kusoma, nenda kazime kwenye breka au kwenye swichi yake ya ukutani. Hali hiyo haingoji asubuhi. Vivyo hivyo ukisikia harufu ya plastiki inayoungua, hata kama mashine inapoza vizuri.

Dakika tano nimezitaja kwa sababu. Kwenye baadhi ya mashine, hasa za inveta, feni ya nje hubaki ikizunguka kidogo baada ya kuzimwa. Ya ndani nayo inaweza kuendelea kupuliza dakika kadhaa ili kukausha koili isiote ukungu. Rimoti nyingi zina kitufe cha kazi hiyo ya kukausha. Mtoto akikibonyeza bila kujua, nyumba nzima inadhani mashine imekuwa kaidi. Huo si ubovu.

Ubovu wenyewe uko hivi. Kwenye AC isiyo ya inveta, bodi ya ndani hupeleka umeme kwa kompresa kupitia rilei, kidude kidogo chenye ncha mbili za chuma zinazogusana na kuachana. Kila kompresa inapoanza, huvuta umeme mwingi mara kadhaa kuliko ule inaotumia ikishatulia, na ncha zile hutoa cheche. Umeme ukiwa mdogo, kama ilivyo mitaa mingi jioni kila mtu anapowasha vyake, rilei hugongagonga badala ya kushika mara moja. Cheche zinazidi, hadi siku ncha zinapoyeyuka na kushikana moja kwa moja. Bodi inaamuru kompresa ipumzike, rilei haiwezi kuachia. Mashine kubwa huwa na kontakta inayofanya kazi hiyohiyo kwenye kipande cha nje, na huko kuna mgeni mwingine: sisimizi wanaosongamana kati ya ncha, au mjusi aliyepita juu ya bodi akafia hapo akiwa ameunganisha njia mbili za umeme. Muulize fundi yeyote wa Pwani amekuta mijusi mingapi.

Kuiacha mashine iendelee hivyo ni kuiua kompresa. Feni ya ndani imesimama, hakuna hewa ya joto inayopita kwenye koili, koili inaganda barafu, na gesi inarudi nje ikiwa bado majimaji. Kompresa imetengenezwa kusukuma mvuke. Majimaji yakiingia huvunja valvu zake, na hapo unazungumzia gharama inayokaribia bei ya mashine.

Ukishazima kwenye breka, usiwashe tena mpaka rilei ibadilishwe. Fundi anayejua kazi ya bodi anaweza kuitoa moja na kuweka nyingine ya amperi zilezile, kwa hiyo usikubali haraka kuuziwa bodi nzima. Wala usifungue kipande cha nje mwenyewe ukidhani breka iliyozimwa inatosha kukulinda: ndani mna kapasita inayohifadhi umeme hata baada ya kuzimwa, na inapiga.

Rimoti inasema nini

Hili watu huliruka kwa sababu linaonekana la kitoto. Tazama alama kwenye kioo cha rimoti. Theluji ni kupoza. Feni ni kupuliza tu: hapo kompresa haiwaki kabisa na feni haitasimama mpaka uizime. Tone la maji ni kukausha hewa. Na hata kwenye kupoza, feni ya ndani ya mashine nyingi huendelea kuzunguka chumba kikishapoa, ili iendelee kuipima hewa. Kinachopumzika ni kompresa. Kama malalamiko yako ni feni peke yake, huna tatizo.

Tazama pia kama kuna saa iliyotegwa. TIMER iliyowekwa na mgeni wa mwezi uliopita inaweza kuwa inaiwasha mashine alfajiri kila siku.

Kuna kitufe kingine ambacho wachache wanakijua. Baadhi ya rimoti zina sensa ya joto ndani yake, na ukiwasha kazi hiyo mashine huacha kupima joto pale juu ilipo na kuanza kufuata joto la mahali rimoti ilipo. Ni wazo zuri, mpaka rimoti itakapoachwa dirishani kwenye jua, juu ya dikoda, au chini ya mto wa mtu aliyelala. Mashine inaambiwa chumba kina nyuzi 33, nayo inahangaika usiku kucha kukipoza chumba ambacho tayari ni baridi.

Rimoti isiyosikika nayo huleta kisa hichohicho: unabonyeza kuzima, hakuna kinachotokea. Badilisha betri kwanza, na uhakikishe hakuna alama ya kufuli kwenye kioo. Kisha elekeza ncha ya rimoti kwenye kamera ya simu na ubonyeze. Kwa simu nyingi utaona nukta ya mwanga ambayo macho hayaioni. Kamera ya nyuma isipoonyesha jaribu ya mbele. Mwanga ukionekana, rimoti ni nzima na tatizo liko kwenye jicho la mashine. Wakati huo unaweza kuizima kwa mkono: fungua mfuniko wa mbele wa kipande cha ndani, pembeni utakuta kitufe kidogo cha dharura.

Kisha kuna umeme wetu wa kukatika na kurudi. Mashine nyingi za sasa hukumbuka zilikuwa zinafanya nini umeme ulipokatika, na ukirudi huendelea kutoka hapo. Asubuhi umeme umekatika, familia imeondoka AC ikiwa kimya, umeme unarudi saa nne, na chumba kitupu kinapozwa mpaka jioni. Ukitoka nyumbani umeme ukiwa umekatika, zima swichi ya ukutani.

Jaribio la nyuzi 30

Sasa tuseme rimoti haina kosa, rilei haijashikana, na bado kompresa haipumziki. Kabla ya yote fanya jaribio hili moja, maana linaligawa tatizo sehemu mbili na kukuokolea pesa.

Chumba kikiwa kimeshapoa kiasi, weka mashine kwenye kupoza na upandishe rimoti hadi nyuzi 30. Subiri dakika chache usikilize kompresa.

Ikisimama, ubongo wa mashine ni mzima. Inatii. Tatizo ni kwamba haifiki pale unapoitaka ifike, na sababu iko chumbani, kwenye uchafu au kwenye gesi. Ikiendelea kunguruma wakati chumba kina nyuzi 26 nawe umeomba 30, mashine haijui chumba kina joto gani, au inajua na haiiamuru kompresa ipumzike. Hapo ni sensa au bodi, na hakuna kiasi cha gesi kitakachoisaidia.

Sensa ni kitu cha bei ndogo. Ni uzi mfupi wenye kichwa kidogo, umebanwa mbele ya koili nyuma ya filta, na ukinzani wake hushuka joto linapopanda. Ukikatika kabisa, mashine nyingi hujua, husimama na kuandika namba ya kosa kwenye kioo. Unaosumbua ni ule uliozeeka kwa unyevu, unaosoma nyuzi nne au tano zaidi ya zilizopo, kwa sababu mashine inauamini. Wakati mwingine mtu aliyeosha AC ameutoa kwenye kibanio chake na kuuacha ukining'inia mahali penye joto. Fundi mwenye mita ya umeme anaupima kwa dakika mbili.

Inatii lakini haifiki

Visa vingi viko hapa, na katika vingi kati ya hivyo mashine haina kosa lolote.

Anza kwa kujua umenunua mashine ya aina gani. AC ya zamani huwaka kwa nguvu zote au kuzima. Chumba kikifika nyuzi ulizotaka utasikia kompresa ikikata, na baada ya muda ikianza tena. AC ya inveta haifanyi hivyo. Chumba kikikaribia kupoa, kompresa hupunguza mwendo na kuendelea polepole, pengine usiku mzima bila kusimama hata mara moja. Mtu aliyetoka kwenye ile ya kwanza akahamia kwenye hii huapa kwamba haizimi. Kweli haizimi, na hivyo ndivyo inavyookoa umeme.

Utajuaje basi kama inapumua au inakimbia? Iulize LUKU. Mita nyingi zina taa ndogo inayomweka umeme unapotumika, na pembeni yake pameandikwa namba kama 1000 imp/kWh, yaani mimweko 1000 kwa yuniti moja. Zima kila kitu nyumbani isipokuwa AC, hesabu mimweko ya dakika moja, zidisha kwa 60. Kwa mita ya 1000, mimweko 17 kwa dakika ni kama wati 1,000. Kama mita yako imeandikwa 1600, gawanya jibu kwa 1.6. AC ya kawaida ya BTU 12,000 isiyo ya inveta hula kati ya wati 1,000 na 1,200 kompresa ikiwa inafanya kazi; feni ya ndani peke yake ni makumi machache tu ya wati. Ya inveta iliyotulia utaikuta kwenye mimweko mitano hadi minane. Ikiwa saa nane za usiku taa bado inamweka mara 18 kwa dakika, umepata jibu: usiku mmoja wa saa nane unakula karibu yuniti tisa, na mwezi unapita yuniti 250 kwa chumba kimoja.

Halafu tazama ulichoomba. Kuna imani iliyoenea kwamba ukiweka 16 chumba kitapoa haraka. Mashine isiyo ya inveta hupoza kwa kasi ileile ukiweka 16 au 25. Tofauti ni pale itakapoambiwa basi. Chumba cha Kariakoo mwezi wa pili, chini ya dari isiyo na kitu juu yake ila mabati, hakitafika 16 hata siku moja, kwa hiyo umeiagiza isisimame. Weka 25 au 26 na uwashe feni ya dari. Feni hiyo inatumia wati 60 au 70, na upepo wake mwilini utakufanya usitamani ile 16 uliyokuwa unailazimisha.

Unyevu ni nusu ya habari, na watu wa Pwani tunausahau kwa kuwa tumezaliwa ndani yake. Mmarekani Willis Carrier alipobuni mtambo wake mwaka 1902, mteja wake alikuwa kiwanda cha uchapaji cha Brooklyn ambacho karatasi zake zilikuwa zikivimba kwa unyevu. Joto la wafanyakazi halikuwa shida yake. Mpaka leo mashine hizi zinafanya kazi mbili kwa pamoja, kupoza hewa na kuikamua maji. Hewa ya Dar, Tanga, Mombasa au Unguja ikiwa nzito, AC ya BTU 12,000 inaweza kutoa lita moja ya maji kwa saa, na kuyageuza hayo kutoka mvuke kunakula kama sehemu moja ya tano ya nguvu yake. Ukianika nguo mbichi chumbani, au ukiacha mlango wa bafu wazi baada ya kuoga maji moto, umeiongezea kazi.

Maji hayo pia ni kipimo cha bure. Siku yenye unyevu, mashine ikishafanya kazi nusu saa, mpira wake wa kutolea maji lazima udondoshe. Ukiwa mkavu kabisa, ama umeziba, na utayaona maji yakishuka ukutani ndani, ama koili haipoi vya kutosha.

Tundu usiloliona

Nyumba zetu nyingi zilijengwa ili hewa ipite, na zilijengwa vizuri. Kuna matundu ya hewa juu ya madirisha, louva zisizofungana, nafasi ya vidole viwili chini ya mlango, dari ya gipsamu iliyokatwa kwa ajili ya taa na kuachwa wazi kando. Kisha tukaja kutundika AC ukutani. Mashine inavuta hewa ya mtaa mzima na kujaribu kuikausha.

Washa AC, funga mlango na madirisha, kisha washa kijiti cha udi na kipitishe polepole kwenye kingo za madirisha, chini ya mlango, kwenye soketi, pale bomba za AC zinapotoboa ukuta. Moshi ukikimbilia upande mmoja, pana tundu. Matundu ya juu ya dirisha yazibe kwa ubao au karatasi ngumu ya plastiki. Chini ya mlango weka mpira wa kuzuia upepo au hata kanga iliyoviringwa. Penye bomba, fundi alipaswa kujaza silikoni au povu, na mara nyingi hakujaza. Dirisha linalotazama magharibi linataka pazia zito kuanzia saa nane mchana. Chumba kinacholala watu hakihitaji kuzibwa kama chupa. Mlango utafunguliwa na hewa itabadilika. Na jenereta au jiko la mkaa lisikaribie chumba ulichokifunga hivi.

Ukubwa nao huamua. Kwa makadirio ya mafundi wa ukanda wa joto, mita moja ya mraba inahitaji kama BTU 600. Chumba cha mita 3 kwa 4 kinatosheka na 9,000, cha 4 kwa 5 ni 12,000, na sebule iliyoungana na jiko na ngazi ya kwenda juu haitashindwa na 12,000 yako ya punguzo la bei, itaimaliza. Hapo hakuna la kutengeneza. Ama weka mlango au pazia la kuigawa sebule, ama ukubali kwamba mashine ile ni ya chumba cha kulala.

Uchafu

Toa filta, ile nyavu ya plastiki nyuma ya mfuniko. Ioshe kwa maji, ianike kivulini, irudishe. Anayeishi kando ya barabara ya vumbi afanye hivyo kila wiki mbili, mwingine kila mwezi. Filta iliyoziba huzuia hewa, koili inashuka chini ya nyuzi sifuri, barafu inaota, barafu nayo inazuia hewa zaidi, na mashine inanguruma bila kupoza chochote. Ukiikuta imeganda, weka kwenye alama ya feni peke yake kwa saa chache mpaka iyeyuke. Usichokoe barafu kwa kisu. Mabomba ya koili ni laini, na tundu moja litakupeleka kweli kwenye gesi.

Kipande cha nje ndicho kinachosahaulika. Kazi yake ni kutupa nje joto lililotolewa chumbani, na hakiwezi kama mapezi yake yamejaa vumbi na utando, kama kimefungiwa kwenye baraza dogo na kuvuta tena hewa ya moto kiliyoitema, au kama mtu ameegemeza godoro kuukuu mbele yake. Huko Masaki, Kigamboni au Nyali chumvi ya bahari hula mapezi ya aluminiamu mpaka yanameguka kwa kidole; yakifika hapo, kuosha hakusaidii. Unapomwita mtu wa kuosha AC, mwambie kabla ya bei kwamba unataka vipande vyote viwili vioshwe. Wengi huosha cha ndani kinachoonekana.

Ndipo tufike kwenye gesi

Gesi ya AC si kama ya mtungi wa jikoni. Haitumiki ikaisha. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, na kiasi kilichowekwa siku ya kwanza kinapaswa kuwa kilekile hadi mashine inapotupwa. Ikipungua, inavuja. Kwa hiyo fundi akikwambia, "Mama, gesi imekwisha," mjibu kwa upole, "Imepitia wapi, fundi?" Asiye na jibu usimruhusu afungue mtungi.

Dalili za kweli za upungufu unaweza kuziona mwenyewe. Hewa inayotoka si baridi: weka kipimajoto kwenye mdomo wa AC na kingine inapovutia hewa juu yake. Mashine nzima hutoa tofauti ya nyuzi 8 hadi 12. Ikiwa nne au tano na filta ni safi, kuna jambo. Nje, bomba nene linaloingia kwenye mashine linatakiwa kuwa baridi na kutoa jasho. Likiwa vuguvugu, na lile jembamba linaota barafu, upungufu wa gesi unashukiwa kwa haki.

Kazi nzuri huenda hivi. Fundi anatafuta tundu kwa povu la sabuni, na aanzie kwenye nati za kuunganishia bomba za shaba, maana ndipo panapovuja zaidi. Anaziba. Anavuta hewa na unyevu wote kwa pampu ya vakyumu. Kisha anajaza kwa mizani, kiasi kilichoandikwa kwenye kibandiko cha kipande cha nje. Anayejaza kwa kusikiliza mlio wa mashine anabahatisha, na kuzidisha gesi huifanya kompresa ihangaike kama vile kuipunguza.

Kibandiko hichohicho kitakuambia ni gesi gani. R-22 ni ya mashine za zamani. Chini ya Mkataba wa Montreal wa 1987 inaondolewa duniani kwa kuwa inaharibu tabaka la ozoni, na nchi zinazoendelea zinatakiwa kuiacha ifikapo 2030, isipokuwa kiasi kidogo cha kuhudumia mashine zilizobaki. R-410A ilikuja baadaye. Haigusi ozoni lakini hupasha dunia joto, na pamoja na jamaa zake inapunguzwa kwa makubaliano yaliyofikiwa Kigali mwaka 2016. Mpya nyingi dukani sasa ni R-32, ambayo inaweza kushika moto, ingawa si kwa urahisi wa gesi ya kupikia. Hizi hazichanganywi. Fundi mwenye mtungi mmoja anaojazia mashine zote za mtaa asiguse yako.

Ukimpigia fundi

Usimwambie "AC haizimi." Mwambie ulichopima: "Nimeweka 30, kompresa haikusimama," au, "Nikiweka 30 inasimama, filta ni safi, tofauti ya hewa ni nyuzi tano, na bomba jembamba lina barafu." Fundi wa kweli atafurahi, maana umemfanyia nusu ya kazi, na wa kubahatisha ataona hapa hapafai. Usiiwashe na kuizima harakaharaka ukimsubiri. Kompresa inahitaji kama dakika tatu kabla ya kuanza tena. Kama mtaani kwenu umeme unachezacheza, mwambie akija akufungie kilinda umeme chenye kuchelewesha, kwa sababu ndicho kinachoinusuru rilei isishikane tena.

Na kuhusu pesa: sensa, rilei, kapasita na feni ni vitu vya kutengeneza bila kusita. Bodi itengeneze ikiwa mashine bado ni changa. Mapezi yakiwa yameliwa na chumvi, au kompresa ikiwa imekufa kwenye mashine ya R-22, usiihangaikie. Nunua ya inveta yenye BTU zinazolingana na chumba chako, na matundu yazibwe kabla haijatundikwa.